Tuko watu 14, tujaribu kurusha mashoka?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nimepewa jukumu la kuandaa jioni ya pamoja ya idara yetu. Tuko watu 14, wanawake kwa wanaume; mdogo wetu ana miaka 23 na mkubwa wetu anakaribia kustaafu. Mwenzetu mmoja amependekeza twende kwenye ukumbi wa ndani wa kurusha mashoka. Wapo waliofurahi, wapo walioshtuka. Mimi dada wa watu nahofia mambo mawili: mtu kuumia, na vijana wenye misuli kuifanya jioni iwe yao huku wengine tukibaki kushika mikoba. Wewe unayefundisha mchezo huu unanishauri nini? Na tukienda, nipange vipi?

Jibu: Salama, dada. Nendeni, ila kwa sharti moja: msikubali kuingizwa wote 14 kwenye kizimba kimoja, yaani sehemu moja ya kurushia iliyozungushiwa uzio. Hofu zako zote mbili ni za haki, na dawa yake ni ileile moja, yaani zamu zinazosimamiwa. Ukumbi unaosimamia zamu kwa ukali unalinda miili ya watu, na hapohapo unampa mpole nafasi yake bila yeye kuiomba. Ukumbi unaomwacha kila mtu arushe anapojisikia unawatia hatarini, na hata asipoumia mtu, wale wanyamavu watarudi nyumbani wamelishika shoka mara mbili tatu tu. Kwa hiyo usichague ukumbi kwa taa na muziki. Chagua kwa msimamizi.

Nianze na habari ya nguvu, maana ndiyo inayowatisha watu kabla hawajafika.

Shoka la mchezo huu ni dogo. Kichwa chake kwa kawaida kina uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja hivi, na mtu mzima yeyote mwenye afya ya kawaida analinyanyua bila taabu. Mrushaji anasimama kama futi 12 kutoka kwenye ubao, yaani mita tatu na nusu na kidogo. Umbali huo una sababu yake. Shoka likiachiwa kwa mwendo wa wastani huzunguka hewani mara moja ndani ya futi hizo, na linapomaliza mzunguko huo makali yanakuwa yameuelekea ubao. Likifika hivyo, uzito wake wenyewe unatosha kulizamisha. Ukizidisha nguvu hulisaidii kitu. Mikono iliyokakamaa huchelewa kuachia, au hupinda viganja dakika ya mwisho, mzunguko unaharibika na shoka linafika likiwa halijakamilisha au limepitiliza.

Jambo hili naliona karibu katika kila kikundi. Kijana mwenye mabega anakanyaga mstari, anavuta pumzi, anarusha kwa nguvu zote. Mpini unagonga ubao, paa, shoka linaanguka sakafuni. Anaenda kuliokota, safari hii anaongeza nguvu, na linadunda vilevile. Kizimba cha pili mama mtu mzima, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anasema yeye amekuja kutazama tu, ananyanyua shoka lake taratibu, analileta mbele, analiachia. Inasikika ile sauti fupi nzito ya chuma kuingia kwenye mbao yenye unyevu, na mpini unabaki ukitetemeka kidogo. Kelele zinazofuata hapo huwa ni za furaha kabisa, na zinabadilisha hewa ya jioni nzima, kwa sababu kuanzia hapo kila mtu anajua kwamba lolote laweza kutokea. Ni mchezo wa kuachia, na kuachia hakujali umri wala kifua.

Hivyo mzee wenu anayekaribia kustaafu asikutie wasiwasi. Ninaomwangalia zaidi ni yule mwenye bega linalouma, mgongo uliowahi kuteguka, au mjamzito. Hao waulizwe mapema, tena faraghani, na mwenye shaka amuulize daktari wake. Mwenye tatizo dogo la bega anaweza kutumia shoka jepesi zaidi kwa mkono mmoja. Anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kurusha vizuri tu, ilimradi ukumbi uko tayari kupima umbali upya na kumwekea shabaha kwa kimo kinachomfaa, kwa hiyo uliza siku ya kuweka nafasi, si mlangoni. Wenye mashoto hawana tabu yoyote, hasa wakirusha kwa mikono miwili.

Sasa namna ya kurusha, uielewe wewe mwandaaji hata kabla ya kufika, maana wenzako watakuuliza.

Mtu anashika mpini sehemu ya chini kwa mikono miwili, kama anavyoshika jembe, vidole gumba vikiwa vimeuzunguka mpini badala ya kulala juu yake. Makali yaangalie mbele sawasawa. Yakiinama kushoto au kulia hata kidogo, shoka litapiga kwa ubavu, na mara nyingi mtu hulaumu mkono wakati kosa lilikuwa kwenye mshiko. Mguu mmoja unaweza kutangulia au yote miwili ikawa sambamba, la muhimu mtu awe imara. Kisha shoka linanyanyuliwa moja kwa moja juu ya kichwa, linapita nyuma kidogo, na mikono yote inaletwa mbele kwa pamoja huku mwili ukiegemea mbele kidogo. Mikono ikishanyooka na shoka likiwa usawa wa macho, mtu anaachia. Viganja havipindi, na mikono inaendelea kushuka yenyewe baada ya shoka kuondoka.

Ukiachia mapema shoka linapaa juu. Ukichelewa linashuka chini, pengine hadi sakafuni. Waliozoea kupasua kuni ndio wenye kazi kubwa hapa, kwa sababu mkono wao umefundishwa kulivuta shoka hadi mwisho. Nawaambia wafikirie kwamba wanalikabidhi kwa ubao. Mitupo michache wanakuwa wameshaelewa.

Kinachofuata ndicho kitakachokuonyesha kama msimamizi wenu anajua kazi. Msimamizi mzuri anaangalia jinsi shoka lilivyofika. Mpini ukigonga kwanza, au shoka likinasa huku mkia wa mpini umening'inia karibu kabisa na ubao, ujue mzunguko haukukamilika, basi mrushaji arudi nyuma nusu hatua. Likigonga kwa utosi wa kichwa, au likinasa huku mkia wa mpini umeinuka kumwelekea mrushaji, limezunguka kupita kiasi, basi asogee mbele nusu hatua. Ni hayo tu. Marekebisho mengi ya mtu anayeanza ni ya miguu. Msimamizi atakayemwambia kila mtu "tia nguvu, tia nguvu" hajui anachofundisha, na ukimwona hivyo mwite mkubwa wake ubadilishiwe. Usione aibu, umelipia.

Nije kwenye kuumia. Watu wengi wakifikiria hatari ya mchezo huu wanaona shoka likimrukia jirani. Katika ukumbi uliojengwa vizuri, wenye uzio imara kati ya kizimba na kizimba, hilo si jambo la kukunyima usingizi. Hatari za kweli ni tatu na zote ni za kawaida sana: shoka kudunda na kurudi, watu kugongana na mashoka wakati wa kwenda kuyachukua, na mtu kumkabidhi mwenzake shoka mkononi.

Shoka hudunda linapopiga kwa mpini au utosi, linapogonga shoka jingine lililokwishanasa, au linapokuta ubao mkavu uliochakaa. Likidunda linaweza kurudi kwenye sakafu hadi karibu na miguu ya mrushaji, na mara chache zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo wasiorusha wanakaa nyuma ya mstari wao, mbali na mrushaji, wakati wote. Anayetaka kupiga picha apige akiwa nyuma ya mstari huo. Mrushaji mwenyewe asigeuke kushangilia kabla shoka halijatulia, macho yawe kwenye shoka mpaka litue. Na mtupo wa kuringisha, wa mgongo au wa mashoka mawili kwa pamoja, haupo katika jioni ya wanaoanza. Ukumbi unaoruhusu hayo kwa kikundi kilichofika leo, mimi nisingeupelekea watu wangu.

Kuchukua shoka kunafanywa kwa pamoja. Kizimba huwa na shabaha mbili, na warushaji wawili wanarusha kwa wakati mmoja, wanangoja yote mawili yatulie, wanakwenda pamoja wakitembea, wanarudi pamoja. Hakuna anayerusha wakati mwingine yuko mbele ya mstari, hata kwa umbali unaoonekana salama. Hii ndiyo kanuni ambayo vijana watataka kuivunja wakishachangamka, na ndiyo ambayo msimamizi lazima awe nayo kama sheria isiyojadiliwa.

Kulichomoa nako kuna namna. Shoka lililozama sana likivutwa kwa hasira hutoka ghafla, na linakotoka ni kuelekea usoni au kwenye ugoko wa aliyelivuta. Linashikwa mwishoni mwa mpini, linasukumwa juu, linashushwa, mpaka lilegee, ndipo linatolewa. Halitikiswi kushoto na kulia, maana hivyo mpini unavunjika. Anayechomoa ahakikishe hakuna mtu amesimama nyuma ya kiwiko chake. Akishalitoa analibeba likiwa limeshikwa chini kidogo ya kichwa, makali yakiangalia chini, pembeni ya mwili.

Na akirudi hamkabidhi mtu. Analiweka kwenye gogo au kishikizo kilichowekwa kwa kazi hiyo, anaondoka, ndipo anayefuata anakwenda kulichukua. Inaonekana ni urasimu, lakini mikono miwili juu ya shoka moja, mmoja akicheka na mwingine akiangalia kwingine, ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukata kidole.

Mkifika, kabla ya yote, nenda wewe mwenyewe uangalie ubao na shoka. Hauhitaji utaalamu. Mbao za shabaha huwa za mti laini kama msonobari, na mara nyingi husimamishwa ili nyuzi zake ziende juu na chini, makali yaingie kati ya nyuzi badala ya kuzikata. Kumbi nyingi huzinyunyizia maji, kwa sababu mbao yenye unyevu hulikumbatia shoka na mbao kavu hulirudisha. Mbao za katikati ndizo zinazokula kipigo na ndizo zinazobadilishwa mara kwa mara. Ukiona katikati pamekuwa shimo lililochanika, vibanzi vinaanguka ukigusa, omba wabadilishe kabla hamjaanza, ni kazi ya muda mfupi. Kwenye shoka, shika mpini utikise: kichwa kisicheze hata chembe, na mpini wa mti usiwe na ufa. Kisha angalia makali. Kuna dhana kwamba shoka butu ni salama zaidi kwa wageni. Sivyo. Shoka butu halinasi, linadunda. Makali yanapaswa kuwa yamepigwa tupa vizuri, yamenyooka, hayana meno ya chuma yaliyojikunja ambayo humchana mtu kiganja.

Mavazi hayana mengi. Viatu vinavyofunika vidole, hilo ni lazima na kumbi nyingi zitawazuia mlangoni bila hivyo. Mikono mipana ya nguo ikunjwe, mitandio na shanga ndefu vichomekwe ndani ya nguo, pete na bangili zivuliwe. Mwenye mafuta viganjani apanguse, shoka linaloteleza huondoka kabla ya wakati wake.

Pombe. Kumbi nyingi zinaiuza, na kuna watakaokwambia glasi moja inalegeza mikono. Mimi msimamo wangu ni kwamba mashoka yaishe kwanza, yahesabiwe, yafungiwe, ndipo anayekunywa akanywe. Aliyefika amekunywa tayari asirushe, na hilo wewe usimwachie msimamizi peke yake kulisema. Ninyi mnajuana.

Sasa nifike kwenye ile hesabu ya watu 14, ambayo ndiyo itaamua kama jioni itakuwa nzuri.

Wanaoanza huhitaji kama nusu dakika au zaidi kidogo kwa mtupo mmoja, ukijumlisha kwenda kuchukua na kurudi. Mkiwapa watu zamu za mitupo mitano mitano, kila jozi itachukua kama dakika nne pamoja na kupokezana. Watu 14 ni jozi saba. Mkiwa kizimba kimoja, aliyemaliza zamu yake atangoja karibu nusu saa mpaka ifike tena. Mkiwa mmelipia saa mbili, toa nusu saa ya mafunzo, inabaki saa moja na nusu: mitupo 15 kwa kila mtu, basi. Mtu hawezi kujifunza kitu chochote kwa mitupo 15 iliyotenganishwa na nusu saa nusu saa. Atakuwa amesahau kila alichoelekezwa, na hapo ndipo simu zinapotoka mifukoni, wachache wenye kiherehere wanaanza kurusha zamu za wengine, na wale wengine, kama ulivyosema, wanabaki kushika mikoba.

Gawa hao 14 kwenye vizimba viwili, saba saba. Hesabu inageuka kabisa: kusubiri kunashuka hadi robo saa au pungufu, na kila mtu anarusha mara 30 hivi. Vizimba vitatu vya watu wanne na watano ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Ukipewa chaguo kati ya saa mbili kwenye kizimba kimoja na saa moja na nusu kwenye vizimba viwili, chukua vizimba viwili bila kusita. Na uliza kila kizimba kina msimamizi wake au mmoja anazunguka. Kwa kikundi chote cha wageni, mmoja anayezunguka hatoshi, angalau kwa nusu saa ya kwanza.

Kwenye kugawa, panga majina wewe mwenyewe usiku uliotangulia. Usiseme "jigaweni". Watu wakijigawa, marafiki watakwenda pamoja, vijana watajazana kizimba kimoja na mkubwa wa idara atazungukwa na wanaomwogopa. Changanya. Bosi mweke na watu wanaoweza kumcheka akikosa, maana atakosa, na bosi aliyekosa mara nne mfululizo halafu akanasa ya tano akashangiliwa na mhudumu wa ofisi ni kitu ambacho vikao vya mwaka mzima haviwezi kukileta. Yule mwenye sauti kubwa kuliko wote mpe kazi ya kuandika alama kwa raundi ya kwanza.

Nusu saa ya mwanzo isiwe na alama kabisa. Hili nalisisitiza kwa kila mwandaaji na wengi hulipuuza kwa haraka ya kuanza mashindano. Kwenye mitupo ya kwanza mtu anatafuta umbali wake, anatafuta wakati wake wa kuachia, na anahitaji kukosa bila mtu kuandika. Anayeanza kuhesabiwa kabla hajanasa hata mara moja hujiona ameshindwa na huondoka rohoni, hata kama mwili upo. Mwombe msimamizi asianzishe mchezo wowote mpaka kila mtu, nasema kila mtu, awe amenasa walau shoka moja. Kama kuna mmoja anasumbuka, msimamizi ampe mitupo ya ziada akiwa amesimama ubavuni mwake. Kwa usimamizi mzuri hilo linawezekana kwa karibu wote.

Baada ya hapo chezeni. Mfumo wa alama utategemea ukumbi, na hapa historia kidogo inasaidia. Mchezo huu wa ndani ni mchanga. Mkanada Matt Wilson aliuanza na rafiki zake nyuma ya nyumba mjini Toronto mwaka 2006, na ukumbi wa kwanza wa ndani ukafunguliwa mwaka 2011. Wakata miti walikuwa na mashindano yao ya shoka lenye makali pande mbili, linalorushwa kutoka futi 20, muda mrefu kabla ya hapo, lakini huo ni mchezo mwingine. Kumbi zilipoongezeka yakazaliwa mashirika mawili ya kanuni. Moja lilianza mwaka 2016 na leo linajulikana kama IATF, yaani shirikisho la kimataifa la kurusha mashoka. Jingine ni WATL, yaani ligi ya dunia ya kurusha mashoka, ya mwaka 2017. Kwa kanuni za IATF mchezo ni raundi tatu za mitupo mitano, maduara yana alama 1, 3 na 5 kutoka nje kwenda ndani, na kuna vidoa viwili vidogo juu ya shabaha vyenye alama 7 ambavyo unaruhusiwa kuvilenga kwenye mtupo wa tano tu, tena kwa kutangaza mapema. Kwa kanuni za WATL ni mitupo kumi, katikati kabisa ni alama 6 na vidoa vyake vya juu ni alama 8. Uliza ukumbi wenu unatumia ipi ili mwandishi wa alama asichanganyikiwe.

Kwa kikundi chenu, lakini, nisingeanza na hizo kanuni kamili. Anzeni na mchezo wa timu: kila kizimba ni timu moja, kila shoka lililonasa popote kwenye ubao ni pointi moja, lililodunda ni sifuri, timu ya kwanza kufika 21 imeshinda. Uzuri wake ni kwamba pointi ya anayenasa pembeni kabisa ina thamani sawa na ya aliyepiga katikati, kwa hiyo hakuna anayejiona mzigo. Timu zikiwa na idadi isiyo sawa, mmoja wa timu ndogo arudie zamu. Baadaye, wakishachangamka, ingieni kwenye maduara na alama, kisha fainali ya wawili wawili kwa wanaotaka. Kwa wanaotaka tu. Fainali za mtoano zina tabia ya kuwatoa nje mapema walewale wanaohitaji kurusha zaidi, basi kiacheni kizimba kimoja kiendelee na mitupo ya kawaida wakati fainali inachezwa kingine.

Vipi kuhusu asiyetaka kurusha kabisa? Atakuwepo. Usimbembeleze mbele ya watu na usiwaache wenzake wamwimbie. Mpe kalamu na ubao wa alama au kazi ya kutangaza zamu, kazi ya kweli na si ya kumliwaza, maana zamu ndizo zinazoendesha jioni yenyewe. Wengi wa aina hii, wakishaona wengine wanne watano wamekosa na dunia haijaanguka, husogea wenyewe wakasema ngoja nijaribu moja. Asiposogea pia ni sawa.

Utakapopiga simu ukumbini uliza haya kwa mkupuo mmoja: vizimba vingapi kwa watu 14, wasimamizi wangapi, muda wa mafunzo umo ndani ya saa mlizolipia au ni wa ziada, umri wa chini unaoruhusiwa kama kuna mtu atataka kuja na mwanawe, na ile fomu ya kukubali hatari wanayowasainisha watu inasema nini. Fomu iombe uisome mapema na uwatumie wenzako. Mtu akisainishwa mlangoni huku muziki unapiga hasomi, na ni haki yake kusoma.

Kisha waandikie wenzako ujumbe mfupi: viatu vya kufunika vidole, nguvu hazihitajiki, kunywa ni baada ya mashoka, kizimba chako ni namba fulani. Utume siku tatu au nne kabla, si asubuhi ya siku yenyewe, ili mwenye bega bovu apate muda wa kukutafuta pembeni akwambie.